Ugomvi wa NBC na benki iliyodharauliwa

Februari 2027 itatimia miaka 60 tangu Azimio la Arusha lizae Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Kila mwaka benki zinapotangaza gawio, watu husahau kwamba faida hizi zilitoka kwenye ugomvi mkubwa.

Benki za kigeni zilitaifishwa 6 Februari 1967, na NBC ikashika karibu biashara yote ya benki nchini. Ilikopesha vyama vya ushirika na mashirika ya umma zaidi kwa maelekezo ya wakubwa kuliko kwa hesabu. Mazao yaliuzwa, madeni yakabaki. Tume ya Charles Nyirabu ilipendekeza mageuzi, sheria mpya ya benki ikapita 1991 na mikopo chechefu ikahamishiwa LART, chombo cha kukusanya madeni hayo. Haikusaidia.

Hapo ndipo likaja wazo la kuiuza NBC, na Mwalimu Nyerere na Rais Mkapa wakatofautiana. Katika kumbukumbu zake za mwaka 2019, Mkapa anaeleza kwamba Mwalimu hakutaka NBC iuzwe. Si jambo dogo, maana Mwalimu ndiye aliyemnadi Mkapa mwaka 1995. Rais hakurudi nyuma: benki inayoishi kwa kubebwa na Hazina ni mzigo kwa mlipakodi. Tunasikia zaidi upande wa aliyeandika kitabu, lakini kwa hesabu za fedha namuunga mkono. Mwaka 1997 NBC iligawanywa. Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999. Mwaka uliofuata Absa ya Afrika Kusini ikanunua asilimia 55 ya NBC.

Matawi ya wilayani, yale ambayo wawekezaji hawakuyatamani, yakaitwa NMB. Mwaka 1999 yakakabidhiwa kwa mameneja wa kampuni ya DAI ya Marekani. Mkakati wao ulikuwa mwepesi: pokea akiba, tuma fedha, kisha mkopeshe mwenye duka kidogo, akirejesha kwa wakati, mwongezee. Benki iliyodharauliwa ikaanza kupata faida. Rabobank wakaingia 2005, hisa zikafika sokoni 2008, na mwaka 2023 faida baada ya kodi ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 500.

Leo Tunduma, penye foleni za malori ya Zambia na Kongo, benki zinagombania wateja. Ukipanda milima ya Ileje hadi kata kama Ikinga, ushindani huo huuoni. Wakurugenzi wanaoandika mpango mkakati wa miaka mitano ijayo waanzie huko, kwa sababu faida ya NMB ilianzia kwa wateja wa namna hiyo.