Wekundu katika Njia ya Mikese

Mwaka 1871 msafara wa Henry Morton Stanley, ukitokea Bagamoyo, ulipita Mikese kuelekea Simbamwenni, palipo Morogoro ya leo. Katika njia hiyo nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha. Miongoni mwake zilikuwamo shanga nyekundu za samesame na kitambaa chekundu kilichoitwa bendera. Neno hilo asili yake ni Kireno, na bendera ya Sultani wa Unguja ilikuwa nyekundu tupu hadi 1963.

Je, mapenzi ya wekundu yaliletwa na wachuuzi? Lugha yashuhudia vingine. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopatana na ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Manjano na kijani ni majina ya vitu. Buluu ni neno la mkopo. Kanga ya kisutu, vazi la arusi la pwani, hudumisha utatu uo huo.

Naye Richard Burton, aliyesafiri bara kuanzia 1857, aliona kuwa shanga zisizopendwa hukosa mnunuzi. Basi mchuuzi alileta kitambaa, lakini chaguo lilikuwa la mwenyeji. Tusomapo hati za misafara bila sarufi, twamsikia muuzaji peke yake.