Sahani Ilifika Kabla ya Mpishi

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, kazi ya kwanza niliyopata Nairobi ilikuwa kupeleka chakula kwa pikipiki. Eneo langu lilikuwa Kilimani. Ndipo nilipojua kwamba mji huu una mtaa wa Wachina, ingawa hauna lango jekundu wala jina kwenye ramani. Unauona ukitoka Hurlingham na kupita Argwings Kodhek kuelekea Galana Road: hapa duka la tofu na mchuzi wa soya, pale kibao chenye maandishi usiyoweza kuyasoma, na katikati mikahawa.

Mimi ni mtu wa Nyaramba. Kwetu chakula ni obokima na chinsaga, halafu chai ya maziwa. Kwa miezi sita nilibeba chakula cha Wachina mgongoni bila kukionja. Nilisubiri mlango wa nyuma, karibu na mitungi ya gesi. Mahali pamoja nilikatazwa hata kukaa kwenye ngazi. Nikaanza kujiuliza: hawa watu walifikaje hapa, na mimi nafaa kukaa wapi kwenye meza yao?

Stori yenyewe ni ya zamani kuliko Kilimani. Kwenye magofu ya Gedi, karibu na Malindi, wachimbaji walipata vipande vingi vya kauri ya China. Waswahili walinunua mabakuli hayo kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, wakayapachika kwenye misikiti na makaburi ya nguzo. Kati ya 1405 na 1433 misafara saba ya Zheng He ilivuka bahari hiyo, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia mfalme Yongle zawadi ya twiga. Kwa hivyo sahani ya Mchina ilifika kwetu karne nyingi kabla ya mpishi wake.

Mpishi mwenyewe alikuja kwa awamu mbili. Kwanza kulikuwa na mikahawa ya katikati ya mji: Hong Kong kule Koinange Street, Dragon Pearl ndani ya Bruce House, Panda kwenye Fedha Towers. Ile ilipikia watalii, mabosi wa ofisi, na familia yenye pesa siku ya sherehe. Chakula kilipunguzwa ukali ili kisimtishe mgeni.

Awamu ya pili ilikuja na ujenzi. Uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa msaada wa China na ukatumika kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Barabara ya Thika ilikamilika 2012. Reli ya SGR ikaanza kubeba abiria 2017. Mainjinia walikuja, wafanyabiashara wakafuata, wengine wakabaki. Mtu akibaki, anataka chakula cha mama yake. Mikahawa ya mjini ilitupikia sisi, lakini ya Kilimani ilianza kwa kuwapikia wao. Ndiyo maana chakula chake ni kitamu zaidi, na ndiyo maana mlango wake haukuwa wazi kwa kila mtu.

Machi 2015 nilikuwa bado shule ya upili. Redio ya tata ikatangaza kwamba mkahawa mmoja wa Kichina Kilimani haukuwa ukipokea Waafrika jioni, baada ya saa kumi na moja. Nchi nzima ikawaka. Kaunti ikaufunga, na sababu iliyotolewa ilikuwa leseni. Tata alizima redio akasema, "Kumbe kosa ni karatasi." Sijawahi kulisahau neno hilo.

Sasa, ukitaka kula huko, nisikilize mimi niliyeanzia mlango wa nyuma. Nenda Jumapili mchana, na uchague mahali ambapo familia za Wachina zimejaa na watoto wanapiga kelele. Nendeni watu wanne, kwa sababu sahani huwekwa katikati na kila mtu anachota. Agizeni wali, mboga za majani zilizokaangwa kwa moto mkali na kitunguu saumu, tofu ya Sichuan yenye pilipili inayotia ganzi ulimini, na jiaozi, vile vinyunya vya unga vyenye nyama ndani. Samaki mzima huuzwa kwa uzani, kwa hivyo uliza bei kabla hajaingia sufuriani. Vijiti vikikushinda, omba kijiko. Hakuna atakayekufa.

Nilipopata pesa za makala yangu ya kwanza, nilimpeleka tata. Tuliingia kwa mlango wa mbele. Msichana aliyetuhudumia alisikia tukiongea, akatusalimu kwa Ekegusii, akatuambia hata aliyeko jikoni ni mtu wa kwetu.

Chai ikaja kwenye birika la kioo, bila maziwa, bila sukari. Tata hakuinywa. Aliinua birika akatazama majani yakifunguka polepole majini. Amechuma majani mawili na chipukizi tangu ujana wake. Kabla ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mkulima Mwafrika alikuwa amefungiwa nje ya zao hilo, ingawa walowezi walilipanda Limuru tangu 1903. Neno lenyewe, chai, linatokana na neno la Wachina, cha, lililopitia Uajemi na India hadi kwetu.

"Hawa hawasagi," akasema. Kiwandani kwetu majani hukatwakatwa na kusagwa hadi yawe chembe, na sisi wenyewe hatujawahi kuyaona yakifunguka hivi.

Kisha akaonja, akakunja uso, akaonja tena. Akauliza birika ni pesa ngapi. Shilingi 350. Akanyamaza, na mimi nilijua anapiga hesabu: hayo ni malipo ya mwezi ya zaidi ya kilo kumi za majani mabichi, zilizochumwa kwenye umande na kubebwa hadi kituo cha kupimia.

"Waambie waongeze maji ya moto," akasema. "Majani bado yana nguvu."

Waliongeza mara tatu. Hakuna aliyetuharakisha, na tulitoka saa moja usiku.