Buck Weaver: Nyota wa besiboli aliyeponzwa na ukimya

GEORGE Daniel Weaver, aliyefahamika zaidi kwa jina la Buck, alikuwa mchezaji wa kulipwa wa besiboli nchini Marekani. Alizaliwa Agosti 18, 1890 mjini Pottstown, jimbo la Pennsylvania. Katika ligi kuu aliichezea timu moja tu, Chicago White Sox, kuanzia mwaka 1912 hadi 1920.

Alianza akilinda eneo lililo kati ya kituo cha pili na cha tatu, kisha akahamia kituo cha tatu, ambako alihesabiwa miongoni mwa walinzi hodari wa zama zake. Mwaka 1917 alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa kwa kuifunga New York Giants.

Mwaka 1919 White Sox ilifika tena fainali, ikashindwa na Cincinnati Reds kwa michezo mitano dhidi ya mitatu. Mwaka uliofuata ilibainika kuwa baadhi ya wachezaji wake walihongwa na wacheza kamari ili timu ipoteze. Weaver alihudhuria mikutano ya njama hiyo, lakini haikuthibitika kwamba alipokea fedha. Katika fainali hizo alifanikiwa kuupiga mpira mara 11 katika zamu 34, wala hakufanya kosa la ulinzi. Msimu wa 1920, uliokuwa wa mwisho kwake, ndio aliong'ara zaidi kwa upigaji, akifikisha mapigo 208 yaliyofanikiwa.

Agosti 2, 1921 mahakama mjini Chicago iliwaachia huru Weaver na wenzake walioshitakiwa. Siku iliyofuata, Kamishna wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliwafungia wachezaji wote wanane waliotajwa. Kwa msimamo wake, mchezaji aliyekaa kikao kimoja na wapanga njama bila kuijulisha klabu yake hakustahili kurudi uwanjani. Weaver alikuwa na umri wa miaka 30.

Aliomba kusamehewa mara kadhaa bila mafanikio. Alifariki dunia Chicago, Januari 31, 1956, akiwa na umri wa miaka 65.

Mei 13, 2025 Kamishna Rob Manfred aliamua kuwa adhabu ya kufungiwa maisha hukoma mhusika anapofariki. Jina la Weaver likaondolewa katika orodha ya waliofungiwa, miaka 69 baada ya kifo chake.