Uamuzi na Hatima katika Mchezo wa Kifantasia: Kutoka Ultima IV hadi The Witcher

Katika fasihi andishi, hatima ya mhusika humilikiwa na mtunzi. Msomaji aweza kumlilia mhusika, aweza hata kumlaumu, lakini hawezi kumwokoa. Mkataba huo ulitikiswa mwaka 1974, pale mchezo wa uigizaji wa Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson ulipochapishwa nchini Marekani. Wachezaji waliketi mezani, kila mmoja akavaa uhusika wake, na mmoja wao akawa msimulizi na mwamuzi. Kwa kuwa mwamuzi huyo alikuwa binadamu, aliweza kuupima uamuzi wowote, hata asioutarajia, na kuutungia matokeo papo hapo, kama fanani anavyoitikia hadhira iliyo mbele yake. Kompyuta za miaka iliyofuata hazikuwa na uwezo huo. Mtunzi wa mchezo wa kompyuta alilazimika kuyatabiri maamuzi na kuyaandikia matokeo kabla mchezaji hajaanza kucheza.

Jibu la kwanza lenye uzito wa kifasihi lilitolewa na Richard Garriott. Katika sehemu tatu za mwanzo za mfululizo wake wa Ultima, mchezaji aliweza kuiba na kuwaua walinzi wa miji, na bado akahesabiwa kuwa shujaa mwishoni. Garriott ameeleza kwamba barua alizopokea kutoka kwa wachezaji na wazazi ndizo zilizomfanya alitafakari jambo hilo. Ultima IV, iliyotolewa mwaka 1985, haina adui mkuu wa kuuawa. Lengo lake ni mchezaji kutimiza maadili manane, miongoni mwake ukweli, huruma, haki na unyenyekevu. Mchezo huanza kwa mtabiri kumwuliza mchezaji maswali saba ya mtanziko, kila moja likishindanisha maadili mawili. Majibu yake ndiyo yanayoamua atakuwa mtu wa kazi gani na ataanzia mji upi. Anayetanguliza unyenyekevu huwa mchungaji, mhusika dhaifu kuliko wote.

Tukio linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni la muuza dawa za uganga asiyeona. Mchezaji huchukua bidhaa, kisha yeye mwenyewe hutaja kiasi cha fedha anacholipa. Akipunja, hakuna mlinzi anayemfukuza wala kengele inayolia. Mauzo hukamilika kwa adabu ileile. Lakini kompyuta imeandika, na alama zake za ukweli zimepungua kimyakimya. Atakuja kugundua tu atakapomwendea mwonaji Hawkwind kuuliza hali yake. Hapa Garriott alifika mbali kuliko wengi waliomfuata. Udhaifu wake ni kwamba dhambi ilibaki kuwa hesabu, na hesabu hulipika. Mchezaji aliyeijua siri aliweza kutoa sadaka kwa maskini si kwa huruma bali kwa kukusanya alama. Michezo mingi ya baadaye iliurithi udhaifu huu bila kuurithi ule ukimya: wema na ubaya ukaonyeshwa waziwazi kwenye kipimo, na mchezaji akachagua upande kama achaguavyo rangi ya vazi.

Mwelekeo uligeuka mwaka 2007, kampuni ya CD Projekt ya Poland ilipotoa The Witcher, mchezo uliojengwa juu ya hadithi za Andrzej Sapkowski. Mapema katika mchezo, Geralt analinda makasha ya mfanyabiashara mmoja usiku. Wapiganaji wa Scoia'tael wanafika kuyadai. Akiwaachia, hakuna linalotokea. Saa nyingi baadaye, mtu ambaye angemfaa katika upelelezi wake anakutwa ameuawa, na mbinu rejeshi ya picha za kuchora, zikiandamana na sauti ya Geralt mwenyewe, inamkumbusha alikouanzisha mkasa huo. Ucheleweshaji huu si pambo la msuko. Mchezaji wa kompyuta huwa na silaha ambayo shujaa wa tanzia hakuwahi kuwa nayo: huuhifadhi mchezo na kurudi nyuma anapochukizwa na matokeo. Matokeo yakikawia kiasi hicho, kurudi ni kuzitupa saa zote zilizopita, na wengi hukubali kuubeba mzigo.

The Witcher 2 ya mwaka 2011 ilipanua mbinu hiyo kwa gharama kubwa: anayemfuata Roche na anayemfuata Iorveth hucheza sura ya pili katika kambi mbili tofauti za vita vilevile. Lakini kilele kiko katika sehemu ya tatu, ya mwaka 2015. Roho iliyofungwa chini ya mti inaahidi kuwaokoa mayatima walio mikononi mwa wachawi watatu. Geralt akiifungua, watoto wanaokoka, lakini kijiji cha Downwarren kinaangamizwa. Anna, mke wa Baroni, analaaniwa na kufa, na mumewe anajinyonga. Akiiua, watoto wanatoweka. Anna anabaki hai akiwa amerukwa na akili, na Baroni anaondoka naye kumtafutia mganga.

Yawezekana kudai kwamba uamuzi ambao matokeo yake hayatabiriki si uamuzi bali bahati nasibu. Hoja hiyo ina nguvu, ila inasahau chimbuko. Katika hadithi ya Sapkowski iitwayo "Mniejsze zło", yaani uovu mdogo, Geralt anaua mjini Blaviken ili kuzuia mauaji makubwa zaidi, na hapati kamwe uthibitisho kwamba yangetokea. Anaondoka na jina la mchinjaji. Mchezo hauwezi kulinda giza hilo kikamilifu, kwa sababu njia ya pili imeandikwa na ipo, ikimngoja mchezaji mwingine au mchezaji yuleyule mara ya pili. Hapo ndipo tukio la roho hubadilika tabia. Anayelirudia hawezi tena kujitetea kwa kutojua: akiinua upanga juu ya roho ile, anajua idadi ya watoto walioko kibandani.