Bunduki ya kwenye picha ya babu si AK

Vijana wenzetu, hapa Nakivale kuna picha nyingi za zamani. Zimevuka mipaka ndani ya Biblia na mifuko ya nguo. Mtu akituma picha ya babu yake wa Kongo ameshika bunduki, jibu linakuja mbio: "AK hiyo, huyo alikuwa muasi Simba." Neno hilo si mchezo. Kambini jina la muasi linaweza kufuata familia nzima.

Picha moja ya namna hiyo tuliipeleka Mbarara kwa fundi wa picha, akaikuza, tukaiangalia polepole. Magazini ya AK imepinda kama ndizi. Hii ilikuwa fupi, imeshikana na mbao mbele ya triga. Mauser nayo ina mkono ambao askari anauinua na kuuvuta kila anapotaka kupiga tena, huo hatukuuona. SKS ya Warusi inafanana nayo, ila ina singe inayokunjwa chini ya mtutu. Hapa singe hakuna.

Ni FN ya 1949, wengine wanaiita SAFN. Aliyeiunda ni Dieudonné Saive, katika kiwanda cha FN kule Herstal, Ubelgiji. Inabeba risasi 10. Ukipiga, gesi ya baruti inasukuma mtambo nyuma, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia yenyewe. Lakini kwa zile za kawaida, kila risasi lazima uvute triga upya.

Wabelgiji waliipeleka pia Kongo, kwa Force Publique, jeshi la kikoloni ambalo maofisa walikuwa wazungu na askari Wakongo. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya uhuru, askari wakaanza kuasi maofisa wao. Jeshi likageuzwa jina, likawa Armée Nationale Congolaise, yaani ANC. Halafu Agosti 1964 Simba waliteka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Askari wa ANC walikimbia na kuacha silaha nyuma.

Sasa fikirieni. Bunduki ileile moja ingeweza kushikwa na askari wa Mbelgiji mwaka 1955, na wa ANC mwaka 1961, na Simba mwaka 1964. Inatupa mwaka wa kuanzia tu: picha haikupigwa kabla ya 1949. Upande wa babu haituambii. Hayo tuulize nguo, kofia, maandishi ya nyuma, na zaidi wazee wetu wakiwa bado wako.

Familia ile imeandika nyuma ya picha yao: "Kongo, baada ya 1949, bunduki FN." Basi. Na ninyi wa mashirika mnaokusanya historia zetu, tunawaomba mfanye vilevile. Andikeni kile picha inaonyesha. Neno "muasi" lisubiri mpaka kuwe na ushahidi.