Churchill, Nobel ya Stockholm na Jenerali wa Msituni

Kwenye kipindi tulimgusia Winston Churchill kidogo, halafu muda ukatuishia. Nikaona nikae niandike, maana kuna habari yake moja iliyotokea hapa hapa Stockholm, na inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Panda treni ya bluu hapa Hjulsta, shuka T-Centralen, tembea kidogo mpaka Hötorget. Lile jengo la bluu lenye nguzo ndefu ni Konserthuset. Tarehe 10 Desemba 1953, Mfalme Gustaf VI Adolf alitoa humo Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mshindi alikuwa Churchill, waziri mkuu wa Uingereza. Mwenyewe hakuja. Siku hizo alikuwa na mkutano kule Bermuda na Rais Eisenhower wa Marekani, kwa hiyo mke wake Clementine ndiye aliyeipokea. Na ni Fasihi, jamani, si Amani. Alisifiwa kwa uandishi wake wa historia na wasifu, na kwa hotuba zake za kutetea utu wa binadamu.

Hilo la utu tuliweke akilini. Siku ile ile Kenya ilikuwa na zaidi ya mwaka mzima chini ya hali ya hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Churchill akiwa madarakani London. Jomo Kenyatta alikuwa gerezani. Na kwenye misitu ya Mlima Kenya alikuwako mtu anaitwa Waruhiu Itote, wapiganaji wake wa Mau Mau wakimwita Jenerali China. Miaka kumi nyuma, Itote huyo alikuwa amevaa sare ya jeshi la Churchill.

Turudi nyuma kidogo. Churchill aliijua Afrika Mashariki kwa macho yake. Mwaka 1907, akiwa naibu waziri kijana wa makoloni, alishuka Mombasa, akapanda reli ya Uganda, akakaa mbele kabisa ya injini kwenye kibenchi ili aone wanyama vizuri. Alipita Nairobi, akafika Uganda, akafuata mto Nile mpaka Misri. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari hiyo. Reli aliisifu sana. Watu wetu aliwaona kama watoto wa kulelewa na Waingereza kwa miaka mingi ijayo. Lakini mwaka huo huo wa 1908, jeshi la kikoloni lilipowashambulia Wakisii, ni yeye aliyewaandikia wakubwa wa Kenya kulalamika kwamba watu wasio na silaha wanauawa kupita kiasi. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyeona. Aliona, akasema, kisha akaendelea kuamini kwamba dola lile ni jema.

Mwaka 1940 ndio Churchill tunayemjua wengi. Mimi nilivyosoma sekondari hapa Sweden, yeye alikuwa sura nzima: London inapigwa mabomu, Ufaransa imeanguka, na mzee mmoja mwenye sigara anakataa kusalimu amri kwa Hitler. Hayo ni kweli, na sina haja ya kuyapunguza. Angekubali mapatano na Hitler wakati ule, Ulaya hii tunayoishi isingekuwa hivi, na watu kama sisi sidhani kama tungekuwa na nafasi ndani yake.

Ila kwenye sura ile hapakuwa na neno moja: keya. Waulizeni wazee nyumbani. Keya ndiyo K.A.R., King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya maofisa wa Kiingereza. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliandikishwa kwa maelfu, na lugha iliyowaunganisha kambini ilikuwa Kiswahili. Walipigana na Waitaliano Ethiopia, kisha wakavushwa bahari kwenda kupigana na Wajapani Burma. Wengine hawakufika hata huko. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa karibu na Maldivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Itote aliingia keya mwaka 1942 na akapelekwa Burma. Baadaye alisimulia kwamba huko askari mmoja Mwingereza alimwuliza kitu ambacho hakikumtoka kichwani: kwa nini nyinyi Waafrika mnapigania dola la watu wengine badala ya kupigania uhuru wenu?

Swali lenyewe lilishajibiwa London. Agosti 1941, Churchill na Rais Roosevelt walitoa Mkataba wa Atlantiki, uliosema kila taifa lina haki ya kuchagua serikali yake. Mwezi uliofuata Churchill akalieleza bunge kwamba walikusudia hasa nchi za Ulaya zilizotekwa na Wanazi. Yaani uhuru ulikuwa ni haki ya binadamu mpaka unapofika Mombasa.

Basi askari walirudi. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa bado ya walowezi, na Mwafrika bado alitembea na kipande. Itote akaingia msituni na ujuzi aliofundishwa Burma. Serikali ikajibu kwa kambi za kizuizi na kamba ya kunyongea: katika vita vile vya Mau Mau, Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa. Mau Mau nao waliua, na wengi waliowaua walikuwa Waafrika wenzao, kama kule Lari Machi 1953. Mwenye kusimulia asiruke hapo.

Itote alijeruhiwa na kukamatwa Januari 1954, wiki tano hivi baada ya sherehe ile ya Hötorget. Alihukumiwa kifo, kisha akasamehewa kunyongwa, akafungwa Lokitaung pamoja na Kenyatta. Tarehe 10 Desemba 1963, miaka kumi kamili baada ya ile Nobel, Zanzibar ikapata uhuru, na siku mbili baadaye Kenya. Churchill alikuwa hai bado, ana miaka 89. Alifariki Januari 1965.

Mwaka 1967 Itote akatoa kitabu chake mwenyewe. Hapo ndipo nilipotaka tufike. Churchill alishinda vita, halafu akaviandika yeye mwenyewe, na dunia ikampa tuzo hapa kwetu kwa jinsi alivyoviandika. Ndiyo maana mtoto wa Hjulsta anamjua yeye na hamjui Itote. Mambo ya kambini nayo yalibaki kwa wazee na bibi zetu wenye makovu mpaka mwaka 2013, serikali ya Uingereza ilipotamka kwamba inasikitika na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228. Walifika huko kwa sababu walikwenda mahakamani wakasema, na maneno yao yakaandikwa.

Kwa hiyo mwalimu akifundisha Churchill, sikilizeni vizuri, mengi anayosema ni sahihi. Halafu nyosheni mkono muulize kuhusu Burma. Na nyumbani, kama kuna mzee ambaye baba yake alikuwa keya, washa simu umrekodi, hata kama anarudia hadithi ile ile kila Idi au kila Krismasi. Mtutumie. Kiswahili kikivunjika vunjika si neno, cha keya nacho kilikuwa hivyo hivyo.