Kosa moja, azabu mbili

Wandugu wahitimu, leo niko na ulizo moja. Watu wawili wamefanya kosa lile lile kwenye mashini ya biro. Mmoja anafukuzwa, mwingine anaambiwa tu "usirudilie". Hiyo ni haki?

Nauliza juu niliona. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nyuma ya lisansi, hapa Itebero, mwenzetu alikutwa anaangalia filme kwenye kompyuta ya kazi. Jioni ile ile, barua ya kufukuzwa. Lakini ndugu ya chef alifanya vile karibu kila siku, na sisi wote tulijua. Mwenzetu alibeba mfuko wake, akaenda. Sisi tulinyamaza.

Nilizani mkubwa akikasirika, basi imeisha. Kumbe watu walipigania hii mambo zamani. Mwaka 1982, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mapatano namba 158 kule Geneva: hakuna kufukuza bila sababu ya kweli, na mtu anayeshitakiwa kwa mwenendo wake apewe kwanza nafasi ya kujitetea. Inchi yetu, wakati ule Zaire, iliyakubali mwaka 1987. Kisha Kode ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 ikaweka mambo wazi. Kwa kosa zito, mkubwa aandike barua ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua kosa. Kama sababu si ya kweli, mfanyakazi arudishwe kazini, ama alipwe fidia inayoweza kufika mishahara ya miezi 36.

Majirani waligusa ulizo letu lenyewe. Tanzania, kanuni za mwaka 2007 zinauliza kama sheria ya kazini ilijulikana na kama ilifuatwa sawa kwa wote. Kenya, sheria ya mwaka ule ule inaangalia mwajiri alifanya nini zamani kwa kosa la namna hiyo.

Hata Ulaya ilifika huko. Bwana Bărbulescu wa Rumania alifukuzwa mwaka 2007 juu ya kutumia Yahoo Messenger ya kazi kuongea na ndugu yake na mchumba wake. Tarehe 5 Septemba 2017, mahakama ya Strasbourg ilisema haki yake haikulindwa: mahakama za kwao hazikuchunguza kama alionywa mbele kwamba maneno yake yatasomwa.

Sasa muangalie hapa. Sheria haiwezi kujua ndugu ya chef alifanya nini. Wanaojua ni wenzake wa kazi. Mbele ya tribinali, mashitaka yanapita kwa enspekta wa kazi, na pale mwenzetu angehitaji shahidi mmoja tu. Ningekuwa mimi. Sikuenda.

Leo naongoza watu watatu kwenye kompyuta moja. Kanuni iko kwenye ukuta, na jina langu ndilo la kwanza chini yake. Ninyi, kwenu kanuni imeandikwa wapi?